Mzee wa Darajani na shangazi yangu wa Titye

Kasulu, Jumamosi, Novemba 2014.

Mvua imeanza alfajiri na haina dalili ya kuona aibu. Barabara ya sokoni imekuwa uji mwekundu. Umeme upo tangu asubuhi, na kwa mji wetu hilo linastahili mstari wake.

Umeme upo.

Niliamka na msiba mdogo. Jana Mzee Mbwana, mwenye steshenari ninayofanyia kazi, alinitangazia kwamba kompyuta imejaa. Ameletewa video ya harusi ya mpwa wake kutoka Tanga na anataka iwekwe humo, ili kila anayekuja kutoa kopi aione, apende asipende. Magemu yangu manne yapungue, libaki moja. Akirudi kutoka kuswali adhuhuri leo akute nafasi.

"Libaki lile lenye mwisho," alisema kwa Kiswahili chake cha pwani, kilichonyooka kama kanzu yake. "Mchezo usiokwisha, mwanangu, huo si mchezo. Hiyo ni ndoa."

Tatizo ni kwamba gemu ninalolipenda ndilo pekee ambalo hapa kibarazani hakuna aliyewahi kulimaliza.

Nieleze kidogo. Haya si yale magemu makubwa ya mpira. Kompyuta yetu ikionyeshwa gemu kubwa huzima yenyewe, kwa heshima. Haya yangu ni magemu ya watu wadogo: mtu mmoja au wawili, chumbani kwao huko duniani, wakachora wenyewe, wakapiga na muziki wenyewe. Binamu yangu aliyeko chuoni huniletea kwenye flashi. Majina yao ya Kiingereza yanatusumbua ulimi, kwa hiyo tumeyabatiza upya, mimi na Niyo, fundi redio tunayegawana naye kibaraza.

Panga Mbili ndilo Niyo analolipenda. Jamaa mmoja mwenye mapanga mawili anakata kila kinachosogea. Steji ya kwanza ni tamu, sikatai, mkono wenyewe unacheka. Lakini steji ya saba ni ile ile ya kwanza iliyobadilishwa suruali. Waliotengeneza waliishiwa wazo mapema, wakaongeza damu. Niyo hajali. Anasema hata mahindi kila mwaka ni yale yale na tunalima.

Sungura wa Gesi ana mtungi mgongoni na anaruka juu ya misumari. Ukikosea kidogo tu, unarudi mwanzo kabisa. Nadhani alilitengeneza mtu aliyeachwa, akaamua tuachwe wote. Nakiri nililimaliza, lakini kitufe cha nafasi kwenye kibodi hakijapona hadi leo. Barua za wateja za kuomba kazi zinatoka maneno yameshikana mikono.

Mvua ya Risasi ni ndege ndogo na risasi zisizohesabika. Halina hadithi wala maana. Naliheshimu kwa hilo. Mteja akigombana nami kwa sababu picha yake ya pasipoti imefanana naye, nacheza kidogo, natulia.

Halafu lipo Mzee wa Darajani.

Limechorwa kwa nyeusi na nyeupe tu. Binti mwenye fimbo anapita milimani, na milima yenyewe, naapa, ni kama ya Heru Juu asubuhi yenye ukungu. Anapigana na mbwa, na majambazi, na upepo. Vita vyake ni vichache, kila kimoja kina sababu. Mwishoni kuna daraja, na darajani ameketi mzee mwenye bakora. Ukimsogelea ananyanyuka, anakupiga mara moja, basi. Nimemjaribu kwa kasi, kwa hila, kwa kumvizia nyuma. Niyo amemjaribu kwa matusi.

Sijui kilichoko ng'ambo ya daraja. Nilitaka kujua kabla hakijafutwa.

Kwa hiyo leo nilifungua duka mapema nikaanza kufa. Niyo aliacha redio ya watu wazi juu ya meza, akasimama nyuma yangu kunitia moyo kwa namna yake.

"Dada Yustina, huyo mzee mwachie tu daraja lake. Wewe huna hata shughuli ng'ambo."

Katikati ya kufa kwangu akaingia Shangazi Dafroza, ametoka Titye na kikapu cha maharage kichwani, amelowa hadi kwenye mawazo. Nikampa kiti pembeni yangu, nikamsalimia harakaharaka huku jicho moja likiwa kwenye kioo. Kosa hilo nililipia papo hapo.

Alitazama binti akikimbia na fimbo. Akatazama mzee akinyanyuka. Akatazama binti akianguka. Nikaanza tena.

"Kumbe si mimi tu," akasema. "Hata huyu hamkumwamkia."

"Shangazi, huyu ni adui."

"Adui ameketi? Toa mikono hapo!"

Akanipiga kofi mkononi, vidole vikatoka kwenye kibodi. Kisha, mbele ya Niyo na mteja mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti, shangazi yangu aliinama kuelekea kioo cha kompyuta, akapiga makofi yale ya taratibu tunayopiga kwa wakubwa, akaanza: "Mwakeye!" Hakuishia hapo. Wale wanaotujua Waha wanajua salamu yetu haiishii hapo. Akamuuliza mzee habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua. Kila swali na makofi yake.

Nilitaka kucheka, lakini niliona kitu.

Binti, kwa kuwa hakuna aliyegusa kibodi, alishusha fimbo mwenyewe. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo, maana sikuwahi kumwacha apumzike. Mzee alinyanyuka kama kawaida, akainua bakora. Akangoja. Shangazi alikuwa kwenye ng'ombe. Mzee akashusha bakora, akasogea pembeni.

Daraja likabaki wazi.

Niyo alishika kichwa. "Yaani nimemtukana mzee wa watu bure!"

"Alikuwa anangoja tu," shangazi akasema, akakamua kitenge chake. Hakushangaa hata kidogo. Akaniuliza kama kuna chai.

Nikarudisha vidole kwenye kibodi, nikavuka. Ng'ambo kuna kijiji kidogo na moshi wa jikoni. Binti anaketi kwenye kigoda, anavua viatu. Yanatokea majina mawili ya waliotengeneza, mawili tu, halafu weupe.

Mzee Mbwana alirudi kofia yake imelowa. Nikamwambia lenye mwisho limepatikana. Hakuamini, ikabidi turudie, na shangazi akamwamkia mzee wa darajani upya, kikamilifu, kama vile hawajawahi kuonana. Mzee Mbwana aliangalia mpaka weupe wa mwisho.

"Hilo libaki," alisema. "Lina adabu."

Kabla ya kufuta mengine nilifanya jaribio moja la kitaalamu. Nilifungua Panga Mbili, nikafika kwa bosi wa kwanza, nikatoa mikono, nikapiga makofi, nikamwamkia vizuri kabisa.

Alinikata kichwa.

Nikalifuta kwa moyo mweupe. Niyo aligeuza uso akajifanya anatafuta waya.

Sasa harusi ya Tanga inacheza dukani kwa mara ya tatu, bibi harusi bado hajatoka chumbani. Kesho ni Jumapili, tunafungua mchana. Ufunguo ninao mimi, na nikitoka kanisani nitapita kidogo. Si kucheza.

Kumjulia hali mzee tu.