Kaburi la Mgomba

Jumapili, 6 Julai 2025

Kitale. Mvua tangu asubuhi. Nyumba nyingine ya mzungu — nazipiga picha kabla hazijabomolewa, wanafunzi wangu wa historia wazione. Hii imechoka kweli. Mabati yameliwa na kutu, sakafu ya mbao inanuka popo. Jiko liko kando, nyuma, ili mzungu asisumbuliwe na moshi wala mpishi.

Mlinzi, Mzee Cheruiyot, aliniuliza kwetu ni wapi. Matulo, nikasema. Akanyooshea jiko kidole. "Mpishi ya hapa alikuwa ya huko. Wanyonyi. Mzungu akaenda, yeye akabaki tu. Tulimzika hapo nyuma, mwaka ya tisini na nne."

Wanyonyi ni babu yangu, baba ya mama. Alipika Kitale, ndiyo. Lakini alikufa kabla ya uhuru na kaburi lake liko kwetu. Nimelipalilia mimi mwenyewe.

Jumatatu, 7 Julai

Nimerudi kwa mzee. Sikupata usingizi.

Babu alifungwa jela, kosa hata mzee halijui. Habari ikafika Matulo kwamba amekufa. Watu wakangoja maiti, haikuja. Wakafanya inavyofanywa kwetu — wakazika shina la mgomba badala yake, wakalia, wakanyoa nywele. Alipotoka jela alienda nyumbani, akaishia langoni. Aliyezikwa hapiti lango la kwao tena.

"Alikuwa anasema, kwetu walishanizika, nikiingia nitaua watoto," mzee akaniambia.

Akarudi jikoni, akazeekea humo. Na Matulo si mbali, jameni. Nimekasirika, sijui hata nimkasirikie nani.

Mwezi ujao wanabomoa. Flati zitajengwa mpaka juu ya kaburi.

Jumapili, 13 Julai

Nimemwambia mama baada ya kanisa. Nilidhani atalia. Aliendelea kukata sukuma.

Kisha: "Nilimwona. Nilikuwa mtoto. Alisimama kwa lango na mkebe ya biskuti, akaniita jina. Nikakimbia nikisema ni mzimu."

Mboga ilipikwa ikaungua.

Anko Sifuna, mdogo wake mama, hataki kusikia habari ya kumleta babu nyumbani. Ati boma moja haliwezi kuwa na makaburi mawili ya mtu mmoja. Anaogopea wajukuu wake. Siwezi kumlaumu, na bado namlaumu.

Jumamosi, 2 Agosti

Kibali cha kufukua kilitoka juzi. Tumemtoa leo asubuhi — mifupa michache, vifungo vya koti. Sanduku liko nyuma ya pikapu. Naandikia ndani ya gari, nje ya lango letu, kwa sababu sijui nifanye nini kingine.

Anko amefunga lango kwa kufuli. "Rispah, si umrudishe kule ulimtoa?" Kule hakuna kitu. Tingatinga lilikuwa linaingia tukitoka.

Mama amekuja na panga. Nimeogopa. Hakumwangalia ndugu yake. Ameliacha lango, akasimama upande wa ndani wa ua wa michongoma, akaanza kukata.

"Hii si lango," amesema. Basi.

Anko anamwambia aache, anamshika mkono, anamwachilia. Mama anaongea na sanduku sasa, namsikia kupitia miiba: "Baba, ngoja kidogo."

Matawi ni magumu. Nafasi aliyofungua haitoshi hata mtoto kupita.