Kitabu Cheusi cha Mzee Okisai

Jumanne, 11 Machi
Nimepanguza rafu zote za vitabu vyangu. Mchwa wamekula kona ya kitabu kimoja cha nyimbo. Mfanyabiashara kutoka ng'ambo, upande wa Uganda, ameuliza kama vitabu hivi vya zamani ni vya kufungia njugu. Nimemwambia, "Boss, hivi ni vya kusoma." Akacheka mpaka barabarani.

Wengine Kwaresima wameacha nyama. Mimi nimeacha kununua vitabu, maana ndio tamaa yangu. Mungu anisaidie.

Alhamisi, 20 Machi
Nimefika Adungosi, kwa Mzee Okisai, katekista mstaafu. Hatimaye amenionyesha kitabu chake. Hadithi za Kiteso, zilizochapwa na wamisheni zamani. Jalada jeusi, kurasa za mbele hazipo. Nimekitafuta miaka, Malaba na ng'ambo. Sijawahi kuona kingine.

Akanisomea ya mwanamke aliyeficha mvua ndani ya mtungi. Alisoma kwa shida, macho yameisha, lakini sauti ilikuwa tamu. Halafu akasema, chukua, mama, nipe chochote utakacho.

Nikamweleza nimefunga. Nitakuja Pasaka.

"Kwani kitabu ni nyama?"

Tulicheka sana. Nimerudi Busia mikono mitupu, na moyo mwepesi. Nimeshakitengea nafasi kwenye rafu ya juu.

Jumatano, 16 Aprili
Amoit, bintiye, amepiga simu asubuhi. Mzee amelala, hakuamka.

Nimelia. Nimemlilia mzee, na nimelilia kitabu. Sitaki kujua ni kipi kilitangulia.

Ijumaa, 25 Aprili
Mazishi kesho. Sijamuuliza Amoit. Huwezi kuulizia vitu vya mtu kabla hajafunikwa udongo. Nitangoja watu watawanyike.

Jumamosi, 26 Aprili
Tulipanga mstari kumuaga. Nilipofika kwenye jeneza nikakiona. Kiko chini ya mikono yake, na rozari juu.

Amoit alikuwa amesimama pale kichwani. Akaninong'oneza, "Tumemwekea Biblia yake, mama. Hawakuachana."

Ameona jalada jeusi tu. Hakuna aliyefungua.

Neno moja lingetosha. Mdomo niliufungua. Lakini uso wake ulikuwa umetulia, uso wa mtoto aliyemfanyia baba yake jambo la mwisho. Nani aanze kuvuta kitu mikononi mwa marehemu mbele ya ukoo mzima? Nyuma yangu mtu akasema, "Mama, songa."

Nikasonga.

Udongo wa kwanza ulipogonga sanduku nikalia. Watu wakanishika mkono, pole mama, pole. Walidhani namlilia mzee tu.

Nimemkasirikia Mungu. Naandika hivyo hivyo. Nilijinyima kwa ajili yake, na ona.

Jumapili, 4 Mei
Misa ya kwanza. Nimeungama hasira. Imepungua, haijaisha.

Mchana nimejaribu kuiandika ile hadithi. Mwanamke. Mtungi. Ng'ombe wanakufa kwa kiu. Watoto wanasikia ngurumo ndani ya nyumba. Hapo nimekwama. Sikumbuki mvua ilitokaje.

Nimempigia Amoit. Kuhusu kitabu sikusema, na sitasema. Nimemuuliza tu kama baba aliwahi kuwasimulia ya mtungi. Amefurahi. Kila jioni, amesema, wakiwa wadogo.

"Na iliishaje?"

"Ai, mama. Sisi tulikuwa tunalala kabla haijaisha."