Nasifiwa kwa Propela Ambayo Sikuifunga Mimi

Mshauri, shikamoo, na kama umri wetu ni mmoja basi nirudishie, sidai sana. Nakuomba unishike mkono katika jambo hili, kwa sababu nikimwambia mtu wa hapa kwetu atacheka mpaka aanguke majini, na mimi nimezoea kucheka watu, sijazoea kuchekwa.

Kwanza unijue. Mimi ni fundi wa injini za boti, zile zinazofungwa nyuma kwa nje, hasa za zamani ambazo mafundi wengine wakiziona wanasema tupa kule. Shule niliiacha kidato cha pili, au tuseme tulichokana, lakini nipe kabureta iliyogandiwa na mafuta ya mwaka juzi, nitaifungua, nitapuliza vitundu vyake kimoja kimoja, nitairudisha huku naimba, na mezani haitabaki nati hata moja. Hapa wananiita Dokta. Sikujipa jina mwenyewe, ingawa kweli nililianza mimi kulitamka ili wengine walizoee.

Kazi hii nimefundishwa na baba yangu wa kambo. Watu wanamwita Redio kwa sababu hazimiki. Akibadilisha plagi moja, mpaka jioni mtaa mzima utakuwa unajua plagi ilikuwa nyeusi kiasi gani na mwenye boti ni mzembe kiasi gani na enzi zake yeye injini zilikuwa zikitengenezwa kwa chuma si kwa maneno. Alipomwoa mama mimi nilikuwa mkorofi kuliko sasa, na sasa bado sijapona, lakini yeye badala ya kunipa kofi akanipa spana. Hilo moja tu lingenitosha kumshukuru, lakini ameongeza lingine, na hilo ndilo linalonikosesha raha.

Kuna mama mmoja anayewapelekea wenye maduka wa ng'ambo magunia ya unga na mifuko ya saruji kwa boti. Tunamwita Mama Magunia na yeye haoni ubaya. Injini yake imenizidi umri, ilikuwa ikiwaka inakohoa, ikichemka inazima katikati ya maji, yeye na magunia wanabaki wanatazamana. Wenye boti wenzake wakamshauri aiuze kama chuma chakavu. Mimi nikasema niachieni mgonjwa wangu. Nikafungua kabureta, nikasugua plagi, na kule chini nikakuta mpira wa pampu, ule unaovuta maji ya kupozea injini, umekakamaa kama soli ya kiatu, nikaweka mpya. Kamba ikavutwa mara moja, ikawaka, ikatulia, ikanguruma kama paka aliyeshiba. Mshauri, ningeishia hapo leo nisingekuandikia. Lakini kichwa kilikuwa kimeshavimba.

Propela yake ilikuwa imechakaa, rangi imetoka, bawa moja limejikunja ncha. Na ukutani kwetu kulikuwa na nyingine inayong'aa, imetoka kwenye boti ya mbio. Nikueleze kidogo: propela ina namba mbili, moja ni upana wake, ya pili sisi tunaiita hatua, yaani ikizunguka mara moja inataka kuisukuma boti mbele kiasi gani. Hatua ndefu ni kama gia kubwa ya baiskeli, kwenye tambarare unapaa, lakini pakia gunia upande mlima uone kama hujashuka ukasukuma. Haya nayajua, Redio amenihubiria mpaka usingizini. Nikaifunga ile inayong'aa, yenye hatua ndefu, kwa sababu inang'aa.

Tena karakana yetu ina sheria moja, kwamba injini hujaribiwa na mzigo wake. Tuna magunia ya mchanga ya kazi hiyo, unayapanga ndani ya boti mpaka yafikie uzito anaobeba mwenyewe, ndipo unatoka majini na kuvuta mafuta mpaka mwisho. Kuyabeba ni adhabu ya jela. Siku hiyo watu wamejaa gatini, mimi nimevaa shati safi, nikajiambia magunia ya nini, nikatoka na boti tupu. Iliruka, Mshauri! Watu wakapiga miluzi. Nikapita mbele yao tena, na kupita mara ya pili hakukuwa na haja yoyote. Redio alikuwa amesimama pembeni, ameinamisha sikio, kimya. Nikajua uhodari wangu umemmaliza maneno.

Kesho yake asubuhi nimefika karakana nikakuta ile propela inayong'aa imetundikwa kwenye msumari wake, bado inachuruzika maji. Nikakimbia gatini. Mama Magunia ameshapakia mpaka pomoni, injini imeinuliwa, nikaiona propela yake ile ile kongwe, bawa limenyooshwa, ncha imepigwa tupa ikalingana na wenzake. Akashusha injini, akavuta kamba, akaondoka, na pua ya boti ikanyanyuka na magunia yote yale, injini inaimba. Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa ile niliyofunga mimi injini ingeguna chini ya mzigo, isingefikia mizunguko yake, ingechemka, na pistoni za umri ule zingekwama hukohuko kwenye kina, na yule mama kuogelea hajui.

Nikarudi nikamkuta Redio amelala chini ya injini nyingine.

"Mzee, nani kabadilisha propela?"

"Propela ipi?"

"Ya Mama Magunia."

"Hapa kuna propela nyingi kuliko akili zako. Nipe spana namba kumi."

Basi. Mtu anayeweza kusimulia nati moja kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, hilo hajalisema hadi leo, si kwangu, si kwa mama, si kwa mtu. Na yule Mama Magunia aliporudi alinishika kichwa kwa mikono miwili mbele ya gati zima, akasema, "Mwanangu, mikono hii isikose kazi! Kesho wanangu wangekula nini kama si wewe?" Nikamtazama Redio. Akafuta vidole kwa tambara, akasema, "Ndiyo, kijana amefanya kazi." Nilitaka ardhi ipasuke, lakini pale chini ni mbao.

Sasa mzigo wenyewe ni huu. Mwenyekiti wa chama cha wenye boti ameniita. Akaniambia, "Dokta, tunataka fundi wetu wa chama. Kibanda kipo hapahapa gatini, boti zote utashika wewe. Yule Redio anaongea kuliko anavyofunga nati." Wakacheka wote. Mshauri, na mimi nikacheka. Wanataka jibu Jumamosi. Na boti hizo zote ndizo wateja wa Redio, hana wengine, nikiingia kwenye kile kibanda nimemfungia mlango mtu aliyenifungulia.

Nilipomwambia, unajua alinijibu nini? "Nenda. Unangoja nini, nikufungie safari?"

"Na wateja wako je, mzee?"

"Nitatengeneza baiskeli. Baiskeli haizami."

Halafu akashinda anapiga mluzi kutwa nzima, na alipopita muuza mafuta nikamsikia anamwambia, "Kijana wangu amechukuliwa na chama." Kijana wangu! Sasa nikisema ukweli namharibia furaha, na zawadi aliyonipa nitakuwa nimeitupa majini, na mimi nitaitwa Dokta kwa kunichamba. Nikinyamaza nitakuwa nakula kwenye sahani yake huku ananitazama. Na zaidi ya yote nataka kumshukuru, lakini neno ahsante likinifika mdomoni linageuka utani. Juzi nilijiandaa kabisa, nikamsogelea, nikajikuta namwambia kipara chake kinang'aa kuliko propela. Akacheka, na nafasi ikapita. Mama nilipomgusia kidogo alinijibu, "Kama una jambo na mzee, lipeleke mwenyewe, mimi si mkalimani wenu."

Nifanyeje? Jibu upesi, Jumamosi haina subira.

Ni mimi, Dokta wa Injini (msioweza kuniona, poleni)

JIBU LA MSHAURI

Dokta wa Injini,

Marahaba, na umri wetu si mmoja, kwa hiyo kaa chini usikilize.

Umejisifu barua nzima na bado nimekupenda, hilo likufae leo. Nianze na lililo lako kwa haki: injini ile umeiponya wewe. Kabureta ni yako, pampu ni yako, na baraka za Mama Magunia nusu yake umezifanyia kazi. Usijitie unyonge wa bure, haukupendezi wala hujauzoea.

Lakini unasema aibu yako ni propela. Si kweli. Kukosea propela ni ujana na uvivu wa kubeba mchanga, na dawa yake ni kubeba mchanga. Aibu yako ni kile kicheko. Mwenyekiti alimkejeli mtu aliyekuokolea jina na aliyemwokolea Mama Magunia roho, nawe ukaonyesha meno. Hilo hakuna aliyekutuma, na hilo usilirudie hata kama anayetania ni mwenyekiti wa dunia nzima.

Unauliza kama ukisema utaharibu zawadi yake. Mwanangu, fikiri. Mtu anayetaka kuficha propela haitundiki ukutani inachuruzika maji, mahali ambapo wewe ndiye wa kwanza kuingia. Alitaka watu wasijue, ila wewe ujue. Alikupa nafasi ya kusahihisha bila kuchekwa. Hakukupa kibanda, wala hajawahi kukuambia umeshaiva. Anasema "nenda" kama wazazi wengi wanavyosema, yaani anakusukuma kwa mkono mmoja na kukushika kwa mwingine.

Na hapa naomba utani uuweke kando. Chama kinataka ushike boti zote. Mle ndani watakaa watu wanaokwenda sokoni, wanaorudi na watoto mgongoni, na wengi wao, kama Mama Magunia, kuogelea hawajui. Wewe ulipita na boti tupu ukasikia miluzi. Yeye alisimama gatini akasikia jinsi injini itakavyoguna ikipakiwa. Sikio hilo huna bado. Utalipata, najua, maana mtu anayeweza kuwasha injini iliyomzidi umri si mjinga, lakini Jumamosi hii huna. Ukikubali peke yako, siku nyingine utafunga kitu kwa sababu kinang'aa na hapatakuwa na mtu wa kuamka alfajiri kukibadilisha.

Kwa hiyo fanya hivi. Usimuulize Redio kwanza, atakuzuia kwa matusi matamu na wewe utapata kisingizio. Nenda kwa mwenyekiti kabla ya Jumamosi, mbele ya Mama Magunia, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa juu ya hatari hiyo bila kujua na ana haki ya kusikia. Waambie wazi: injini nilitengeneza mimi, propela nilikosea, mzee wangu akairekebisha akaninyamazia. Usilie, usijipambe, usiongeze kichekesho. Kisha waambie kibanda utakichukua mkiwa wawili, yeye akiwa fundi mkuu na wewe chini yake, na kwamba hakuna injini itakayotoka pale bila kujaribiwa na mzigo wake. Mwenyekiti akisema mzee anaongea sana, mwambie ndiyo, anaongea sana, na siku aliyonyamaza alikuwa anaokoa boti yenu. Wakikataa, na wewe ukatae, urudi karakana kwenu. Huko kuna kazi, na kuna mtu wa kukufundisha, jambo ambalo mafundi wengi wa umri wako wanalitafuta kwa tochi.

Watakucheka? Watakucheka. Mpaka mwezi uishe watakuwa wamepata mwingine wa kumcheka. Ila Mama Magunia, nakuhakikishia, hatakuondolea baraka zake, atazigawa tu, na zinatosha wawili.

Lililobaki ni ahsante. Naona ndilo linalokutoa jasho kuliko chama na mwenyekiti wake. Usitafute hotuba wala zawadi. Ukitoka kwa mwenyekiti pitia karakana, yapange yale magunia ya mchanga ndani ya boti itakayojaribiwa siku hiyo, yote, kwa mgongo wako, na shati safi ulivue. Mwombe apande akae mbele. Vuta mafuta mpaka mwisho, halafu muulize anasikia nini, na umngoje ajibu. Mkirudi, kabla hamjaifunga kamba, mwambie: "Nimeona ulichonifanyia, mzee. Ahsante." Maneno hayo tu. Kipara chake usikitaje.

Atakutukana. Atasema unampotezea muda, atauliza spana namba kumi umeiweka wapi, atakuambia magunia umeyapanga vibaya kama mtu aliyepofuka. Usimjibu. Mpe spana yake. Kuna watu ahsante wanaipokea hivyo.