Kanda ya Bibi

Dada Zuhura, shikamoo.

Jana sokoni Chikongola nilinunua kanda mbili mpya za taarabu, tamu mno! Ya tatu ilibaki nakala moja tu dukani, isiyouzwa, nikamwomba muuzaji anirekodie kwenye kanda yangu ya zamani. Kwa pupa nikampa ile uliyoniazima, yenye hadithi za marehemu Bibi.

“Dada, kijino cha kurekodia hapa juu kimevunjwa,” akaniambia muuzaji. “ Mwenyewe hakutaka ifutwe.”

“Ziba kwa karatasi, kaka, urekodi!”

Nyimbo ni nzuri, na siwezi kuzisikiliza. Zikiisha, Bibi amebaki na maneno haya tu: “Haya, zima, mjukuu wangu, usimalize betri.”

Karatasi nimeichomoa. Nisamehe. Kanda nitaishika mkononi njia nzima hadi nikukabidhi.

Mdogo wako akupendaye,
Rukia