Kwa Thaddée, Aliyepima Maji ya Runingu

Thaddée, mwaka umetimia sasa tangu jioni ile tulipokungoja kwa chakula hapa Runingu, na hukurudi.

Tate yako Georgette, bibi yako, bado anasonga ugali wa watu wawili. Mama yako Domitille alimwambia apunguze unga. Alijibu kwamba mkono wake umezoea hivyo. Ndagala, wale dagaa wa ziwani, mlikuwa mkizila kwa sahani moja, weye ukimwachia vichwa kwa kuwa anavipenda, na ukiwadanganya wengine kwamba vinakuumiza meno.

Ulitoka Leopoldville, kwenye chuo kikuu, diploma ya kwanza umeshaipata, na ile kubwa ya uinjinia wa maji umebakiza mwaka. Shati lako jeupe ulilifua mwenyewe, hukutaka dada yako Sabine aliguse. Baada ya uhuru, Wazungu wa kazi za barabara walipoondoka, watu walinung'unika kwamba sasa kila kitu kitabomoka. Ulicheka tu. Ulisema utaanza na mashamba ya Runingu, kisha uendelee mpaka Kamanyola.

Tate alikutania, kama wazee wanavyowatania wajukuu: "Bwana yangu, utanioa lini?"

"Siku utaacha kubeba maji," ulimjibu. "Muke wa injinia habebe mutungi."

Halafu ukachora kwa kidole, kwenye unga wa muhogo uliokuwa juu ya lungo, njia ambayo maji ya mto yangepita hadi mashamba ya juu. Siku ile tate alikataa unga ule upikwe.

Vita ya waasi ilipofika bondeni, wengi walivukia Burundi. Mjomba wako Mathieu alikusihi uvuke naye. Ulimwambia chombo cha kupimia ni cha shule, umekiazima, huwezi kukiacha porini. Na vijiti vya kuonyesha njia ya mfereji bado hujavimaliza. Basi akakusindikiza kazini.

Vijana wa waasi waliwakuta mtoni. Walikuwa wamenyunyiziwa maji ya dawa, na waliamini kwamba kwa nguvu ya maji hayo risasi haziwapati. Wakauliza kile chombo cha miguu mitatu ni cha nini. Mathieu alitaka kusema ni cha kupigia picha, lakini weye ulimtangulia. Nje ya vile vichwa vya ndagala, uongo hukuujua.

"Minye ninapima maji."

"Maji haipimwe," mmoja alisema. "Ni weye unaiharibia nguvu."

Ukaanza kumweleza, polepole, kama ulivyomweleza tate yako. Mathieu alifukuzwa kwa sababu ya mvi zake. Weye walikubakisha. Kesho yake tulikuzika palepale, kando ya mto.

Waliorudi kutoka Burundi walichukua majembe, wakafuata vijiti vyako. Maji yanakuja, Thaddée. Yanakuja yenyewe, hakuna anayeyasukuma. Yamefika shambani kwa Anastase, kwenye kijiti chako cha mwisho. Kupita hapo walijaribu kuchimba huku na huku, yakarudi nyuma. Mashamba ya juu bado ni makavu. Tate yako huenda kukaa pale, akiyaangalia yamesimama, naye hajui kuyaambia yaende wapi.

Misa yako itasomwa Jumapili. Waliokujua, wa Rugenge na wa Runingu, wanakaribishwa.

Wanaokulilia: tate yako Georgette, mama yako Domitille, mjomba wako Mathieu, dada yako Sabine.

Siku zote za uhai wetu, Thaddée, utatajwa katika nyumba hii.