Siku Tuliyochagua Somo la Hisia

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo, na paa la jikoni limeacha kuvuja. Uliuliza kama bado naongoza kamati ya shule. Bado, na wiki iliyopita tulichagua mpango wa kuwafundisha watoto kuzielewa hisia zao na kuishi vizuri na wenzao.

Mipango ilikuwa miwili. Wa kwanza ulitaka walimu wasome mwaka mzima, tukaona utatuchosha. Wa pili una kadi za rangi, kila rangi na hisia yake, na mkufunzi wake aliomba mtoto mmoja wa kutuonyeshea. Nikamtoa binti yako darasani, maana kwake sikuhitaji ruhusa ya mtu.

Mkufunzi akampa kadi ya bluu. "Tuambie, mwanangu, nini kinakuhuzunisha?"

Akajibu mbele ya watu wazima tisa: "Mama alisema atarudi baada ya wiki mbili. Sasa ni miaka mitatu. Mama mkubwa anasema ameshapata watoto wengine huko."

Akalia mpaka akajikojolea. Mkufunzi akatugeukia huku anatabasamu. "Mmeona wenyewe! Dakika mbili tu, moyo umefunguka."

Wajumbe wakapiga makofi. Na mimi nilipiga. Tukaupitisha mpango huo bila hata mmoja kupinga.

Tangu siku hiyo hasemi neno, nyumbani wala shuleni. Mwalimu wake anamsifu kwa utulivu.

Jana nilimwambia nakuandikia, nikamuuliza kama ana salamu zozote. Akatikisa kichwa, akaendelea kufunga viatu.

Kwa hiyo pokea zangu tu.

Dada yako