Sinema Zangu Kwenye Mtama

Mama Swaumu,

Nimekwenda shamba Naipingo kwa baiskeli. Ukirudi sokoni, yaongeze maji maharage. Kuku nimewafungulia.

~~Na usiguse tena vitu vyangu.~~ Hapana, hilo nimelifuta.

Asubuhi nilikufokea bure. Niliona kwenye simu ya Swaumu picha ya shamba, DVD zangu za toleo maalumu zinaning'inia juu ya mtama kufukuza ndege. Nikadhani umefungua kabati langu. Kumbe ulizitoa kwenye boksi la sabuni, kama nilivyokuruhusu mwenyewe, nikidhani humo mna feki tupu. Ni mimi niliyezificha orijino humo kwa kuogopa wezi, feki nikazipanga kabatini kwenye yale makava mazuri, halafu nikasahau. Mjanja wa mjini mimi!

Swaumu akitaka kunicheka, mwache. Nimestahili.

Nakwenda kuzifungua. Miaka sita naziagiza moja moja kutoka Dar, sijatazama hata moja kwa kuogopa mikwaruzo. Jioni chagua unayoitaka tuitazame wote, kabla ndege hawajatusimulia mwisho wake.

Nisamehe.

Baba Swaumu